Gulio Lisitiwe Kufuli

Wajaluo huliita soko chiro. Kwa soko la siku maalumu ya juma, Watanzania wanalo neno gulio, ilhali Mkenya husema tu "siku ya soko". Ni masikitiko kwamba mwanafunzi wa Kiswahili nchini hulijua gulio kwa kamusi kuliko kwa kinywa cha muuzaji, kwani kitu chenyewe kingali hai Migori na Homa Bay, japo kimeanza kusongwa.

Kabla ya ukoloni, Wajaluo na Wagusii walikutana mipakani mwao wakibadilishana samaki, vyungu na mifugo kwa nafaka na majembe. Mji wa Oyugis umekaa papo hapo penye mpaka huo. Siku ya soko, omena hutoka ziwani, viazi vitamu hutoka Kabondo, ndizi huteremka kutoka milima ya Gusii. Nafaka hupimwa kwa gorogoro, na muuzaji hodari huirundika hadi ikamwagika, kisha akaongeza kiganja kimoja ili mteja arudi juma lijalo. Kesho yake wachuuzi haohao hufunga mizigo wakaelekea soko jingine, maana siku za masoko jirani zimepishana makusudi.

Mpango huu ndio usioeleweka na wapenda majengo. Katiba ya mwaka 2010 iliyakabidhi masoko kwa serikali za kaunti, nazo kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, jengo lenye vibanda na makufuli likawa ishara ya maendeleo. Hoja ya watetezi wake si ya kupuuzwa: mvua hugeuza uwanja kuwa tope, na wanaouza kandokando ya barabara kuu ya Kisii kwenda Isebania huhatarisha maisha yao. Lakini mama mfinyanzi anayefika mara moja kwa juma ana haja gani na kibanda cha kulipiwa mwezi mzima? Mwenye kukimudu ni mfanyabiashara wa kila siku, ambaye tangu hapo alikuwa na duka. Anayehitaji gulio ni yule mwenye kuku wawili na karo ya mtoto.

Tena kuna suala la lugha, ambalo wasomi wa Kiswahili wangepaswa kulitetea kwa nguvu zaidi. Huko Isebania, Mkuria, Mjaluo, Mgusii na Mtanzania aliyevuka kutoka Sirare huuziana kwa Kiswahili. Ngeli zake huenda mrama, na "hii samaki ni ngapi?" humchekesha mwanachuo. Kicheko hicho ni cha kitoto. Kiswahili hicho hukopesha, hudai deni na kupatanisha watu ambao, katika majira ya siasa, wamewahi kutazamana kwa uhasama.

Kinachohitajika si kikubwa: uwanja ulioachwa wazi, maji, vyoo, kivuli, na ushuru usiomtoza mwenye fungu la nyanya sawa na mwenye lori. Na kabla ya msingi wowote kuchimbwa, maafisa wa kaunti wafike uwanjani alfajiri, siku yenyewe ya gulio, wawahesabu wauzaji walioketi chini.