Bunduki inapakwa mafuta, wavu unatoka mtupu

Wakaaji wa Vitshumbi na ninyi mliohama vijiji vyenu, tuseme wazi: kando ya Ziwa Edouard, chombo kinachotunzwa kuliko vyote ni bunduki. Inafunguliwa, masizi ya baruti yanapanguswa, inapakwa mafuta. Ikifungwa kizuia sauti, moshi mwingi unarudi ndani, basi inadai kusafishwa mara nyingi zaidi.

Na inatunzwa kwa kazi gani? Miaka ya 1970 mbuga ya Virunga ilikuwa na viboko karibu 29.000. Kufika mwaka 2005 hawakubaki hata 1.000. Hawakuuawa kwa mikuki: waliuawa na wenye silaha, askari na waasi. Mavi ya kiboko yanarutubisha maji yanayolisha tilapia. Kiboko akiisha, mvuvi analala njaa.

Wanatuambia bunduki safi ni usalama. Usalama wa nani? Mtumbwi unatoboka, motere inakosa kipuri, na mvuvi analipishwa na kila mwenye mtutu.

Tunadai malipo hayo yakome na uwindaji wa viboko ukome. Aliyehama akirudi, akute samaki, si maganda ya risasi.