Baiskeli ya Kijana na Aibu Isiyoonekana



Shemeji yangu aliyeko Mombasa alinipigia simu akiwa na wasiwasi. Mwanawe asomaye katikati ya jiji la Nairobi, aliyepanga chumba Kangemi, amechoshwa na nauli za matatu na misongamano ya Waiyaki Way, na sasa ataka baiskeli ya milimani. Ameshaipata ya mtumba: fremu ni ya alumini, na uma wa mbele, ule ushikao gurudumu, ni wa kaboni. "Shemeji," akasema, "kaboni niijuayo mimi ni ile karatasi ya kunakilia risiti. Yawezaje kumbeba mwanangu?"

Nilicheka, kisha nikaona kwamba swali lake lilikuwa zito kuliko alivyodhani.

Tuanze na alumini, maana hiyo haina siri nyingi. Fremu nyingi za aina hii hutengenezwa kwa aloi ya 6061 au 7005. Ni nyepesi kuliko ya chuma, haili kutu nyekundu, na bei yake yavumilika. Ila yake ni kwamba huchoka. Chuma kikibebeshwa mzigo usiozidi kiwango fulani chaweza kudumu karibu bila mwisho. Alumini haina kiwango hicho, na kila shimo la barabarani huongeza deni lake. Hata hivyo, uchovu huo aghalabu hujitangaza mapema. Chukua kitambaa kibichi na tochi, ufute vumbi palipochomelewa: chini ya shingo ya fremu, kandokando ya ekseli ya pedali, na pale nguzo ya kiti inapoingia. Ukiona ufa mwembamba kama unywele katika rangi, iache baiskeli hiyo. Wala usikubali ahadi ya kwamba fundi wa kando ya njia ataichomelea, kwani aloi ya 6061 hupoteza nguvu palipopata moto, na huzirudisha tu ikitiwa tena katika tanuri maalumu.

Kaboni ni jambo jingine. Ni nyuzi nyembamba zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kushikanishwa kwa gundi ngumu. Katika mwelekeo uliokusudiwa ina nguvu ya ajabu, na hupunguza mitetemo midogo isiifikie mikono. Lakini pigo la ubavuni, kama la kuangukia jiwe au kugonga ukingo wa barabara, laweza kuvunja tabaka za ndani ilhali rangi ya nje yang'aa. Kisha siku moja, bila kupinda wala kuonya sana, uma hukatika. Fremu ikipasuka, mara nyingi mpandaji husikia mlio akasimama. Uma ukikatika, gurudumu huondoka na uso hutangulia chini. Mtu ateremkaye kutoka Kangemi kuelekea Westlands asubuhi, matatu mbele na nyuma, hana nafasi ya kosa hilo.

Basi tulikutana Msikiti wa Jamia baada ya swala ya Ijumaa, tukaenda kwa muuzaji. Fremu niliikagua, nikaridhika nayo. Katika mguu wa kushoto wa uma palikuwa na kibandiko kipya, peke yake, kisicholingana na chochote upande wa pili. Nikauliza iwapo baiskeli iliwahi kuanguka. Akajibu, "Imetoka Ulaya, mzee." Nikamwomba akibandue kibandiko. Akakataa.

Wasomaji wetu wanajua kwamba fiqhi ya biashara humlazimu muuzaji kuidhihirisha aibu aijuayo, na humpa mnunuzi khiyari ya kurudisha bidhaa iliyofichwa aibu yake. Lakini khiyari hiyo itamfaa nini aliyekwisha kuanguka? Tukaondoka. Kijana alininunia hadi Westlands.

Njiani akanitolea hoja ya Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyefunzwa na David Kinjah huko Kikuyu kabla ya kushinda Tour de France mara nne, ya kwanza mwaka 2013. "Ami, yule alipanda kaboni." Ni kweli, lakini nyuma yake alikuwa na gari la mafundi na baiskeli za akiba, na uma wake haukupitia mikono ya watu wasiojulikana.

Sisemi kaboni ni haramu kwa maskini. Ukiwa mpya na katika kisanduku chake, ni uma mzuri. Upime urefu wake: fremu iliyoundwa kwa uma wa springi yataka uma mgumu wenye urefu unaokaribiana na ule, ukiwa mfupi mno, pua ya baiskeli huinama, usukani huwa mwepesi kupita kiasi, na pedali hukaribia ardhi. Shina la uma lisigongwe kwa nyundo, na skurubu za usukani zikazwe kwa spana ipimayo nguvu. Na wewe utakayeishusha baiskeli pwani wakati wa likizo, kumbuka kwamba chumvi na unyevu vikikutanisha kaboni na alumini, alumini ndiyo iliwayo. Ioshe kwa maji matamu na upake grisi.

Hatimaye tulipata nyingine karibu na Kawangware, fremu ya alumini na uma wa chuma wa kawaida. Umeongeza uzito kidogo, lakini begi lake la vitabu ni zito zaidi. Wiki ya tatu sasa anaenda na kurudi.

Juzi mama yake amenipigia tena, akiuliza kama kofia ya kujikinga nayo yaweza kununuliwa ya mtumba. Nimemwambia hiyo iwe mpya, na kwamba nusu ya bei nitatoa mimi.