Nani Aliiambia Kompyuta Kuwa Imepatia?

Hoja ya kuyafunga mahandaki ya upepo mmeisikia: milinganyo ya mwendo wa hewa inajulikana tangu karne ya 19, kompyuta zina nguvu, basi ya nini kuyapulizia mapanga ya turbini upepo na kupima? Ipimeni kwa ushahidi, si kwa wingi wa wanaoirudia.

Wanadai kwanza kwamba programu zinatabiri vya kutosha. Dai hili liliwahi kufikishwa kwenye mizani. Mwaka 2000, NREL, maabara ya nishati jadidifu ya Marekani, iliingiza turbini ya mapanga mawili, kipenyo mita 10, katika handaki la NASA Ames huko California, lenye upana wa mita 36.6 na kimo cha mita 24.4. Kabla ya matokeo kutolewa, wataalamu wa taasisi mbalimbali walipewa maumbo ya mapanga na kasi za upepo, wakaombwa watabiri. Katika hali nyepesi kuliko zote, upepo ukija sawasawa kutoka mbele na hewa ikiwa bado imeshikamana na panga, makadirio ya nguvu yalianzia asilimia 25 ya kilichopimwa hadi asilimia 175. Upepo ulipozidi, hewa ikaanza kubanduka mgongoni mwa panga, yakatawanyika kutoka asilimia 30 hadi 275. Na hawa hawakuwa wanagenzi.

Watajibu kwamba kundi la Risø, Denmark, lililotatua milinganyo kwa ukamilifu zaidi, lilikaribia sana vipimo. Ni kweli, nawapa bila kinyongo. Lakini siku ya kutabiri, jibu hilo lilikuwa moja tu kati ya mengi yaliyopingana mezani. Kilicholitenga na yaliyokosea ni handaki lenyewe. Shahidi wao anatoa ushahidi upande wangu.

Wanasema pia kwamba milinganyo ni sheria ya maumbile, haina haja ya majaribio. Milinganyo, sawa. Ila kompyuta haimudu kufuata kila kizingia kidogo cha hewa kwenye panga zima. Msukosuko huo huwakilishwa kwa kanuni za kukadiria. Kanuni maarufu ya k-epsiloni ina namba 0.09, na namba hiyo ilitokana na vipimo vya maabara. Programu nyepesi zaidi husoma majedwali ya maumbo ya mapanga yaliyopimwa, wapi tena, handakini. Wanakataa majaribio huku wameyabeba mfukoni.

Handaki si uwanda, wanaongeza. Upepo wa kweli hautulii. Ndiyo, na NREL walianzia uwandani, Colorado, ambako kosa la programu na ukorofi wa upepo havikutenganishika. Ndiyo maana wakaingia handakini. Tazameni ukinzani: wanaolilaumu handaki kwa kuurahisisha upepo wanatutaka tuziamini programu zilizoshindwa na upepo huo huo rahisi.

Kwamba mapanga makubwa zaidi ya leo yanapita mita 100 kila moja? Ukubwa hubadilisha tabia ya hewa, kweli. Hiyo ni sababu ya kupima makubwa, si ya kuacha kupima.

Imebaki gharama. Vipimo vya wiki chache za mwaka 2000 vimeendelea kutumika kukagua programu mpya kwa zaidi ya miaka 20. Anayetaka handaki lifungwe atuambie kwanza: programu yake imethibitishwa kwa vipimo vya nani?