MSHAHARA WA MCHEZAJI NI UJIRA, MKEKA WAKO NI KAMARI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Siku hizi kila kukicha vijana wetu wanabishana kuhusu mishahara ya wachezaji wa NBA, ile ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani. Nani kasaini, kasaini milioni ngapi, nani kaonewa. Katika ubishi huo nimeona makundi mawili, na yote mawili yamekosea.

Kundi la kwanza ni la baadhi ya masheikh na wazee wenzangu. Wao wakisikia mtu analipwa mamilioni kwa kurusha mpira, wanafunga mjadala: "Hizo zote ni pesa za haramu." Kundi la pili ni la vijana, na hili ndilo linanikosesha usingizi. Wao wanasema: "Kama mchezaji anatajirika kwa mpira, kwa nini na mimi nisipate elfu ishirini yangu kwa mpira huohuo?" Kisha wanafungua simu wanabeti.

Ndugu yangu, ndani ya ligi ile kuna fedha za aina tatu: ujira, zawadi, na kamari. Ukizichanganya utaharamisha halali au utahalalisha haramu, na yote mawili ni kumzulia Mwenyezi Mungu. Tuzipitie moja moja.

KWANZA: UJIRA

Julai 2024 Jayson Tatum wa Boston Celtics alisaini mkataba wa miaka 5 wa takriban dola milioni 314. Kila timu ina mechi 82 za msimu wa kawaida. Piga hesabu mwenyewe, utaona ni zaidi ya dola 700,000 kwa kila mechi. Nakubali, ni fedha nyingi mno. Lakini wingi wa fedha peke yake haufanyi kitu kuwa haramu. Abdurrahman bin Auf, Allah amridhie, alikuwa tajiri mkubwa na ni katika waliobashiriwa Pepo.

Swali la kisheria ni hili: fedha imetoka wapi, na kwa makubaliano gani? Mwaka huohuo wa 2024 ligi ilitangaza mikataba ya haki za matangazo ya dola bilioni 76 kwa miaka 11, na makampuni ya Disney, NBCUniversal na Amazon. Ongeza tiketi, jezi na wadhamini. Kwa makubaliano kati ya ligi na chama cha wachezaji, wachezaji wanapata karibu nusu ya mapato yanayohusiana na mchezo, kati ya asilimia 49 na 51. Kwenye fungu hilo ndipo kinapopatikana kikomo cha mishahara cha kila timu, ambacho msimu wa 2024-25 kilikuwa takriban dola milioni 140.6.

Kwa hiyo anayesema "wapunguziwe wale" ajiulize kwanza zilizopunguzwa zitakwenda wapi. Haziendi kwa yatima. Zinabaki kwa mwenye timu. Hiyo Celtics mwaka 2025 iliuzwa kwa thamani ya dola bilioni 6.1. Kati ya mwenye mali na mwenye jasho, sheria yetu imemwekea ulinzi nani? Mtume, rehma na amani zimshukie, ametuhimiza tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka.

Na sharti la ujira katika fiqhi ni kuwa kazi ijulikane na malipo yajulikane. Wale wameandika kila kitu: miaka mingapi, kiasi gani kila mwaka, nini kitatokea akiumia. Sasa nikuulize wewe unayelalamikia milioni 314 za Tatum. Mwalimu wa madrasa anayemfundisha mwanao Juzuu Amma, mmeandikiana nini naye? Analipwa tarehe ngapi? Watu wengi jibu lao ni "tutaona mwisho wa mwezi, inshaAllah." Tumelifanya neno la Mwenyezi Mungu kuwa kichaka cha kukwepa deni.

PILI: ZAWADI NA TUZO

Watu wengi hawajui kwamba katika ligi ile tuzo na mshahara vimefungwa pamoja. Waandishi na watangazaji 100 wanapiga kura kuchagua mchezaji bora na kikosi bora cha msimu. Mchezaji akichaguliwa, kwa masharti maalumu, anaruhusiwa kudai asilimia kubwa zaidi ya kile kikomo cha mishahara. Mwaka 2024 Tyrese Haliburton wa Indiana Pacers aliingia kwenye kikosi bora cha tatu, na mkataba wake ukapanda kutoka takriban dola milioni 204 hadi takriban milioni 245. Tangu msimu wa 2023-24 wameongeza sharti kwamba kwa tuzo nyingi kubwa mchezaji lazima awe amecheza mechi 65, kwa sababu mastaa walikuwa wanapumzishwa na watu wamelipa tiketi kuwaona.

Kijana mmoja baada ya darsa aliniuliza: "Sheikh, hii si kamari? Kura ikigeuka, mtu anakosa milioni 40." Swali zuri sana. Jibu ni hapana, kwa sababu Haliburton hakuweka chochote cha kwake mezani. Asingechaguliwa angebaki na milioni 204 zake, na sharti lilikuwa limeandikwa kabla.

Hali ni hiyohiyo katika mashindano yao ya kombe yaliyoanza 2023. Los Angeles Lakers walishinda, na kila mchezaji aliyekuwa kwenye mkataba kamili akapewa dola 500,000. Waliofungwa fainali, Indiana Pacers, nao walipewa dola 200,000 kila mmoja. Zawadi ilitoka kwa ligi, haikutoka kwenye mfuko wa aliyefungwa. Wanazuoni wametofautiana kuhusu zawadi katika mashindano yasiyokuwa ya farasi, ngamia na mishale; wako waliozuia na wako walioruhusu ikiwa inatolewa na mtu wa nje ya washindani. Hiyo ni ikhtilafu ya wenye elimu na tuiheshimu. Lakini usikimbilie ikhtilafu hiyo kutafuta ruhusa ya mtazamaji kukaa kibarazani na kuweka dau juu ya jasho la mwenzake. Ruhusa hiyo humo haimo.

TATU: KAMARI

Hapa sasa ndipo penye moto. Suratul Maida aya ya 90 imeiweka kamari safu moja na ulevi na masanamu, ikaiita uchafu katika kazi za shetani, ikatuamrisha tujiepushe nayo. Aya inayofuata inataja sababu: uadui, chuki, na kuzuiwa na kumkumbuka Mwenyezi Mungu na sala.

Tazama hilo la sala. Mechi inayoanza saa moja na nusu usiku New York, majira yao ya baridi, kwetu Afrika Mashariki ni saa tisa na nusu usiku. Huo ni wakati gani kwa Muislamu? Theluthi ya mwisho ya usiku, wakati wa tahajudi, wakati ambao dua haipaswi kukosa mwenyewe. Kijana wetu yuko macho wakati huo! Usingizi kaushinda! Lakini anahesabu pointi za mtu aliyeko Denver, mkeka uko mkononi, na adhana ya Alfajiri inamkuta robo ya tatu. Kisha mechi ikiisha analala.

Na wana hoja zao. Tuzijibu kwa haki.

Hoja ya kwanza: "Mimi sibahatishi, natumia elimu, nafuatilia takwimu." Haya, turudi mwaka 2009. Timu za NBA zina wataalamu walioajiriwa kwa kazi moja, kuwapima vijana. Wanawatazama miaka, wanawafanyia majaribio. Mwaka huo Memphis Grizzlies walikuwa na nafasi ya pili kuchagua, wakamchukua mtoto wetu wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Heshima yake ni kubwa na atabaki nayo. Stephen Curry alichaguliwa wa saba. Leo Curry ana ubingwa mara 4, na msimu wa 2023-24 alikuwa mchezaji wa kwanza kuvuka mshahara wa dola milioni 50 kwa msimu mmoja. Timu kadhaa zilimwona kwa macho yao zikampita! Wenye kazi yao hawakuijua ghaibu, wewe mwenye bando la siku moja unajua fulani atafunga pointi 27 usiku huu?

Hoja ya pili: "Kuna watu wanashinda." Tupige hesabu. Wewe na rafiki yako mnaweka shilingi 1,000 kila mmoja, kila mtu upande wake, odi ni 1.90. Kampuni imepokea 2,000. Mmoja wenu atapewa 1,900. Shilingi 100 imebaki kwa kampuni, bila jasho na bila wasiwasi wa nani kashinda. Sasa panga mkeka wa mechi 5 za namna hiyo. Nafasi yako ni moja kati ya 32, lakini ukishinda utalipwa takriban 24,760. Wakicheza watu 32 wa mikeka tofauti, kampuni imekusanya 32,000, imemlipa mmoja, na imebaki na zaidi ya 7,000. Yule mmoja ndiye unayemwona kwenye tangazo. Wale 31 hawapigwi picha.

Hoja ya tatu: "Hata ligi yenyewe ina wadhamini wa kamari, mbona husemi mishahara yao ni haramu?" Ni kweli, na ligi haina udhuru. Mahakama Kuu ya Marekani ilifungua mlango wa kubeti michezo katika majimbo Mei 2018, na miezi michache baadaye NBA ikaingia mkataba na kampuni ya kasino ya MGM. Huo ni uovu na tunauita uovu. Lakini mali kuu ya ligi inatoka kwenye matangazo na tiketi, na mali iliyochanganyika ina hukumu yake. Mtume, rehma na amani zimshukie, alinunua chakula kwa Myahudi wa Madina akaweka deraa yake rehani, ilhali Qur'ani inataja kwamba miongoni mwao walikula riba. Muuzaji kuwa na doa hakuharamishi biashara safi uliyofanya naye. Kubeti kwako si biashara safi, ndilo doa lenyewe.

ALIYEKUWA NACHO CHOTE

Mwenye shaka asome habari za Jontay Porter. Kijana wa miaka 24, yuko Toronto Raptors, yuko mahali ambapo mamilioni ya vijana duniani wanapaota. Aprili 2024 ligi ilimfungia maisha. Uchunguzi wao ulionyesha kwamba alimpa mcheza kamari siri za afya yake. Mtu mwingine akaweka dola 80,000 kwamba Porter atacheza vibaya, ili ashinde dola milioni 1.1, Porter akatoka uwanjani baada ya dakika 3 akisema anaumwa. Dau likazuiwa, halikulipwa. Yeye mwenyewe alikuwa anabeti mechi za NBA kwa akaunti ya mtu mwingine. Faida yake yote ilikuwa dola 21,965. Julai alikiri kosa mahakamani, na ikaelezwa kwamba alikuwa amezama kwenye madeni ya kamari.

Mwenzake wa zamani zaidi, Antoine Walker, alipata zaidi ya dola milioni 108 za mshahara katika maisha yake ya uchezaji. Mwaka 2009 alishitakiwa kwa hundi zisizo na fedha alizozitoa kwenye kasino za Las Vegas, mwaka 2010 akatangaza kufilisika. Namtaja kwa heshima, kwa sababu leo anazunguka kuwaonya wanamichezo vijana. Kama milioni 108 hazikutosha, mshahara wako wa bodaboda utatosha?

MFANO WA KUFUATA

Ukitaka wa kumwiga, mwangalie ndugu yetu Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos. Msimu wa 1993-94 alichukua tuzo ya mchezaji bora, ya mlinzi bora, na ya mchezaji bora wa fainali, zote tatu. Februari 1995 ulikuwa Ramadhani. Alifunga, akacheza amefunga, na akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi. Mali yake aliiingiza kwenye ardhi na majengo kwa fedha taslimu, akakwepa mikopo ya riba. Jengo la zamani la benki katikati ya Houston leo linasaliwa, kwa mali yake. Mshahara mkubwa, mikono safi, na athari imebaki.

NINI CHA KUFANYA

Kijana wangu, sikukatazi kupenda kikapu. Cheza, utapata afya. Tazama, ikiwa sala haipotei na macho yanahifadhiwa. Lakini kubeti acha leo. Futa programu ya kubeti kwenye simu. Juta, na azimia kutorudi. Ulichoshinda ambacho bado unacho, kitoe kwa wahitaji kwa nia ya kujisafisha, si kwa nia ya kutafuta thawabu. Kama una deni la kamari, usilizibe kwa mikopo ya simu yenye riba. Mwambie baba, kaka au imamu wako. Aibu ya siku moja ni nyepesi.

Nanyi wazazi na wazee wenzangu, msitosheke na kupiga kelele "haramu". Mfundisheni kijana tofauti ya ujira na kamari, kisha mumlipe ujira wake anapowafanyia kazi.

Siku ya Kiyama hutaulizwa Tatum alilipwa ngapi. Utaulizwa mali yako wewe uliichuma wapi na uliitumia wapi. Na ile saa tisa ya usiku utaulizwa ulikuwa unatazama nini.

Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake, atuepushe na haramu, na awarudishe vijana wetu kwenye safu ya Alfajiri. Amin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako, hasa yule ambaye mkeka wake uko wazi sasa hivi.