Kibali cha Ujenzi: Mbona Mto Hauulizwi?

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Mwalimu wetu wa Kiswahili ametupiga marufuku kuanza insha kwa methali ya ufa na ukuta. Anasema ameisoma hata macho yakaingia ukungu. Nami namtii. Leo nitazungumzia ukuta usio na ufa wowote, uliojengwa kwa saruji na nondo, ukapigiwa muhuri ofisini, na bado maji yakaja yakaubeba.

Ndugu msomaji, huna haja ya kukumbushwa muhula wa pili wa 2024. Shule zilikuwa zifunguliwe Aprili 29. Zikaahirishwa kwa wiki moja, zikaahirishwa tena bila tarehe, na mwishowe tukarudi Mei 13. Wapo waliofurahia likizo ya nyongeza, wala siwalaumu. Lakini wapo waliorudi bila sanduku, bila godoro, na sare ya kuazima. Sitawataja. Aghalabu nyumba zao zilikuwa kando ya Mto Mathare au Mto Ngong, na wazazi wao walikuwa wamekwisha kulipa kodi ya mwezi wa nne, hakuna aliyedaiwa hata shilingi.

Baada ya maji likaja tingatinga. Mei ya mwaka huo huo nyumba zilizosalia kingoni mwa mito zikabomolewa, Mathare na Mukuru, na familia zikaahidiwa shilingi 10,000 za kwenda kuanza maisha kwingine. Kwenye matatu na redioni watu wakabishana: wa kulaumiwa ni nani? Mvua? Mpangaji? Landilodi? Serikali? Mimi maoni yangu ni kwamba lawama kubwa iko kwenye karatasi moja ambayo wengi wetu hatujawahi kuiona kwa macho, nayo ni kibali cha ujenzi. Kwa jinsi kinavyotolewa, kibali hicho kinauliza mambo chungu nzima kuhusu mwenye ploti, lakini maji hakiyaulizi ipasavyo.

Nilimwuliza mjomba wangu, ambaye ni fundi wa mjengo tangu sijazaliwa, kibali kinatafutwaje. "Mpwa wangu," akaniambia, "kwanza uwe na hatimiliki. Halafu risiti za kuonyesha hudaiwi na kaunti. Halafu michoro ya msanifu aliyesajiliwa, na hesabu za injinia. Mjengo ukiwa mkubwa lazima upite NEMA pia, na usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Ukishamaliza kuzunguka kote huko unasimamisha bango pale mbele, ndiyo sasa unachimba msingi."

"Na mto je, mjomba?"

Akacheka. "Mto si huchorwa kwenye ramani? Ni ule mstari wa buluu."

Mstari wa buluu! Hapo ndipo penye utata wote. Mstari huo una upana mmoja mwaka mzima, lakini mto wenyewe hauna. Ukienda Januari unaweza kuuruka na viatu vyako mkononi. Ukienda Aprili unaukuta umelala jikoni kwa mtu.

Si kwamba sheria zetu zimeusahau mto. Zimeutaja tena na tena, kila moja kwa kipimo chake. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zinakataza ujenzi ndani ya eneo lililo sawa na upana wa mto, lisilopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, likihesabiwa kuanzia pale mafuriko makubwa kabisa yaliyorekodiwa yalipofika. Kanuni za zamani za kilimo, za kuwazuia watu wasilime ukingoni, zinaanzia mita 2 tu. Mtaani nako namba inayojulikana ni 30 peke yake, na ukimwuliza mtu 30 kutoka wapi, anakutazama kana kwamba umemtukana.

Hebu tufanye hesabu kidogo, ingawa huu ni ukurasa wa Kiswahili. Ploti ya kawaida ni hamsini kwa mia, yaani futi. Futi 100 ni mita 30 na nusu. Tuseme ploti imeupa mto mgongo, na huo urefu wa futi 100 unaanzia ukingoni. Afisa akishika mita 30, mwenye ploti anabaki na nusu mita, pa kupanda mstari mmoja wa sukuma wiki. Akishika mita 6, anabaki na mita 24 na nusu, na hapo ghorofa sita zinaingia bila taabu. Ardhi ni ile ile, bei aliyonunulia ni ile ile. Kinachoamua kama mtu huyu ni tajiri au amenunua matope ni namba moja inayoandikwa na kalamu ya afisa. Sasa niambie, mahali kama hapo kitu kidogo kitakosa kutembea?

Lakini namba si tatizo kubwa kama pale inapoanzia. Chukua kijito cha upana wa mita 4. Kwa kanuni ya 2006 kinga yake ni mita 6. Ukipima kutoka ukingo wa Januari, nyumba inakaa mita 6 kutoka kwenye maji. Ikiwa mafuriko yaliwahi kupanda mita 20 kupita ukingo huo, basi kwa kanuni ile ile nyumba ilipaswa kuwa mita 26. Hizo mita 20 za katikati ndimo mnamolala watoto. Kanuni ni nzuri, kwa maana inasema mafuriko makubwa kabisa "yaliyorekodiwa". Yamerekodiwa na nani? Wazee wanaokumbuka mvua za 1961 wanakwenda wakipungua. Mama mboga wa pale darajani anaweza kukuonyesha kwa kidole maji ya El Nino ya 1997 yalifika wapi. Lakini kidole cha mama mboga hakiambatanishwi na michoro ya msanifu. Kama alama hiyo haiko ardhini, na haiko kwenye ramani, afisa atapima kutoka pale anapouona mto siku aliyokuja. Na maafisa, jameni, hawaji wakati wa mvua.

Matokeo tumeyaona. Usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma baada ya mvua kubwa. Lilikuwa karibu na mto. Watu wapatao 50 walikufa, na ilielezwa baadaye kwamba jengo lilikuwa limekwisha kuorodheshwa kati ya yale ya kubomolewa. Watu walikuwa wakiendelea kulipa kodi na kulala ndani. Mtu asiseme ni shida ya mitaa ya watu wa chini pekee, kwani miaka miwili baadaye, Agosti 2018, tingatinga zilifika Lang'ata na Westlands, zikaangusha jumba la biashara la Southend na lile la Ukay kwa kosa la kukalia njia ya maji. Hayo hayakuwa mabanda ya mabati. Yalisimama kando ya barabara kubwa miaka na mikaka, wateja wakiingia na kutoka, na wenyewe walisema stakabadhi wanazo. Serikali ile ile inatia muhuri kwa mkono wa kulia na kubomoa kwa wa kushoto. Mwenye jumba kubwa anakwenda mahakamani na wakili wake. Mpangaji wa Huruma angekwenda na nani?

Kuna jambo jingine lililonishangaza nilipokuwa nikiuliza-uliza. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema kwamba mtu akiomba kibali kisha asijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 60, ichukuliwe kwamba amekubaliwa. Naelewa nia yake. Zamani maombi yalilala kwenye meza hadi karatasi ikageuka rangi, na mwananchi akawa anazungushwa, njoo kesho, njoo kesho kutwa. Kwa mtu anayejenga mlimani sheria hiyo ni haki yake kabisa. Lakini kwa ploti iliyo kando ya mto, kimya cha afisa kinawezaje kuwa jibu? Siku 60 zinaweza kuisha zote katikati ya kiangazi. Kwa maoni yangu, palipo na mto, ziwa au bonde la kinamasi, kimya kihesabiwe kuwa HAPANA, na afisa aliyenyamaza aandikiwe barua ya kueleza sababu.

Adhabu nayo ni ya kuchekesha. Anayeanza kujenga bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Tuseme jengo lina vyumba 40 vya shilingi 5,000 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 200,000. Hata akitozwa faini yote, landilodi anairudisha kabla ya mwezi wa tatu kuisha. Wa kwetu darasani tukichelewa gwaride tunaadhibiwa vikali kuliko hivyo!

Sasa najua mwenzangu wa dawati la nyuma ameanza kutikisa kichwa. Tulibishana naye wiki nzima kabla sijaandika haya. Hoja yake ni hii: vibali ni vya wenye pesa, ukikaza masharti, nyumba zitapungua na kodi itapanda, na maskini atakwenda wapi? Mtu hakai kando ya mto kwa kupenda harufu yake. Anakaa kwa sababu chumba ni nafuu na kazi iko karibu, anatembea kwa miguu.

Hoja hiyo ni nzito na sitaidharau. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286 Nairobi. Ile ya 2019 ilihesabu zaidi ya milioni 4.3. Kanuni za ujenzi zilizotungwa 1968, kwa mji wa watu nusu milioni, ndizo tulizoendelea kuzitumia zaidi ya miaka hamsini mpaka zilipotolewa mpya za 2024. Watu wamejibana palipobaki nafasi, na iliyobaki ilikuwa kwenye mabonde. Mji wenyewe tangu 1899 reli ilipofika uliwekwa kwenye uwanda wa majimaji kwa sababu ni tambarare, na jina lake ni la Kimaasai la maji baridi. Tulianza vibaya zamani.

Hata hivyo namjibu mwenzangu hivi: mpangaji siye aliyeomba kibali. Hakuulizwa, hakuonyeshwa, na maji yakija ndiye anayepoteza godoro, vitabu, cherehani, pengine na mtoto. Landilodi mara nyingi haishi hapo. Yeye hupoteza kuta, tena baada ya kukusanya kodi miaka kadhaa. Kwa hiyo kumwambia maskini kwamba kibali ni mambo ya matajiri ni kumnyang'anya ngao yake ya pekee. Kile kinachoitwa nafuu ya kodi kimelipwa mara mbili, mara ya pili kwa vitu vya nyumbani. Na kubomoa nyumba mvua ikiendelea kunyesha, watu wakiwa hawana pa kwenda, hiyo siiti kutekeleza sheria. Sheria ilipaswa kutekelezwa siku msingi ulipochimbwa, wakati hakuna aliyekuwa amehamia.

Tena mto hautoki Mathare. Mito yetu inateremka kutoka magharibi kwenda mashariki. Mto Mathare hupita Muthaiga kabla ya kufika Mathare, na Mto Ngong hupita Kibera kisha Mukuru. Kila ua unaowekwa saruji huko juu, kila uwanja wa kuegesha magari unaopigwa lami, unayanyima maji udongo wa kuyanywa, nayo yanateremka yote kwa pamoja, na kwa kasi. Sijawahi kusikia mtu wa Mukuru akiitwa kutoa maoni juu ya jumba linalojengwa kilomita kumi juu yake, ijapokuwa sheria inamtaka mwombaji autangazie umma ili mwenye pingamizi aseme. Umma unaotangaziwa ni ule ulio jirani na bango. Ule utakaopokea maji haulioni.

Na hilo bango lenyewe huondolewa mjengo unapokwisha. Nashangaa kwa nini. Duka la dawa linabandika leseni ukutani. Matatu inabandika stika ya bima kwenye kioo. Basi jumba la kupangisha lililo bondeni libandike langoni, siku zote, namba ya kibali chake, ofisi iliyokitoa, na mstari wa rangi unaoonyesha maji makubwa kabisa yaliwahi kufika wapi. Mama anayetafuta chumba ausome mstari huo kabla ya kutoa dipoziti. Ukiwa juu ya kichwa chake, atajua la kufanya.

Kaunti ikisema haina alama hizo, tunaweza kuanza sisi. Maji ya 2024 bado yanakumbukwa, na kwenye kuta nyingine doa la matope halijaoshwa. Wenzetu wa Chama cha Jiografia wana kamba ya kupimia, nao wameniambia Jumamosi moja ya muhula huu inawatosha kwa upande mmoja wa mto, kutoka darajani hadi uwanjani. Sisi wa Kiswahili tutakwenda nao kuwauliza wakazi na kuandika tarehe. Mkebe mmoja wa rangi nyekundu unatosha. Anayetaka kuja aandike jina lake kwa katibu kabla ya Ijumaa, na avae viatu vya matope.