CD za zamani: kununua mashini ya bei ao kuokoa sauti kwanza?

Kwenye kabati za redio za jamii, za makanisa na za familia nyingi mashariki mwa Kongo, CD zingali zinalala: nyimbo za Franco na Tabu Ley, kwaya za parokia, mahojiano na wazee ambao wengine walishakufa. Lakini ordinateri nyingi mpya haziko tena na nafasi ya kuingiza CD. Wakati huohuo, viwanda vya Ulaya vinauza mashini yenye kazi moja tu: kuzungusha CD na kuisoma. Inauzwa mamia ya dola. Je, inafaa?

Mashini inafanya nini?

CD ilianza kuuzwa mwaka 1982, kazi ya Philips na Sony. Ndani yake kuko namba: sauti inapimwa mara 44,100 kila sekunde, na mwangaza wa leza unasoma vipimo hivyo. Lekta ya kawaida inasoma namba, kisha inazigeuza kuwa sauti. Mashini hii ya pekee inasoma tu. Kugeuza ni kazi ya chombo kingine, DAC, kinachonunuliwa pembeni. Mwenye kununua mashini bila DAC hatasikia kitu.

Sauti inakuwa nzuri zaidi?

Hapo ndipo pesa inaweza kupotea bure. CD iko na njia yake ya kusahihisha makosa: mkwaruzo mdogo wa kama milimita 2 unarekebishwa, na namba zinatoka vile zilivyoandikwa. Kwa CD safi, lekta nzuri ya kawaida inatoa namba zilezile na mashini ya bei. Tofauti kubwa inatoka kwenye bafle na chumba. Kwa redio ni zaidi tena: FM inapitisha sauti hadi hezi 15,000, wakati CD inafika karibu 20,000. Msikilizaji mwenye poste ndogo hatajua ni mashini gani ilitumika.

Hatari iko wapi?

Iko kwenye CD zilizochomwa na ordinateri. Zinashika sauti kwa rangi ambayo joto na jua vinaiharibu. Makosa yakizidi, lekta inakisia ao inanyamaza. Wimbo wa Franco unaweza kupatikana kwingine. Sauti ya mzee wa kijiji, hapana.

Kwa hiyo, redio yenye pesa kidogo ianze na lekta ya nje ya ordinateri, ya makumi ya dola, na programu inayorudia kusoma pale penye makosa. Nakala ziwekwe kwa FLAC, ambayo haipunguzi sauti, tena mahali pawili tofauti. CD ipanguswe kwa kitambaa laini, toka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha.

Mwenye kupenda muziki nyumbani, mwenye DAC na bafle nzuri tayari, anaweza kuwaza mashini ya pekee. Aulize kama inasoma CD zilizochomwa, kama leza ya kubadilisha inapatikana, na asisahau stabilizateri juu ya moto unaopanda na kushuka. Ikiwa ni ya okazyo, aende sokoni na CD yake yenye mikwaruzo, aijaribu palepale mbele ya muuzaji.

Mashini inaweza kungoja mwaka ujao. CD iliyoachwa dirishani haingoji.