Mtoto Aliyepona Virusi vya Ubongo Akibadilika Tena, Mrudisheni Hospitali



Mtoto akiruhusiwa kutoka hospitali huwa tunamshukuru Allah, tunasoma dua, kisha tunahesabu kwamba maradhi yamekwisha. Leo tunataka kuzungumzia maradhi ambayo hesabu hiyo ya haraka inaweza kumpotezea mtoto akili yake. Nayo ni uambukizo wa ubongo unaoletwa na virusi vya hepesi.

Virusi hivi ndivyo vinavyotoa malengelenge mdomoni, na watu wengi tunavyo mwilini bila ya kudhurika. Kwa nadra sana huingia kwenye ubongo. Hapo mtoto hupata homa, degedege, na hupoteza fahamu au kuchanganyikiwa. Bila ya tiba, takriban wagonjwa 7 katika 10 hufa. Alhamdulillahi dawa ipo, inaitwa asikloviri. Hutiwa kwenye mshipa kwa wiki 2 hadi 3, na tangu miaka ya 1980 imeokoa wengi.

Tatizo ni kwamba baadhi ya watoto, baada ya kupata nafuu na kurudi nyumbani, hubadilika tena. Mtoto mdogo mikono, miguu na mdomo wake hucheza bila ya yeye kutaka, halali usiku, hupoteza maneno aliyokwisha kuyajua, na degedege huweza kurudi. Mkubwa zaidi huwa mkali ghafla, huona vitu visivyokuwepo, huzungumza yasiyoeleweka au hunyamaza kabisa.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Jirani atasema mtoto amechezewa. Mwingine atasema ana jini. Mwingine atasema amedekezwa alipokuwa mgonjwa. Na siku zinakwenda.

Kwa hakika jambo hili lina maelezo. Mwaka 2007 daktari Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa ambao kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazoshambulia vipokezi vya NMDA, yaani sehemu ambazo seli za ubongo huzitumia kupashana habari. Baadaye ikabainika kuwa hepesi ya ubongo inaweza kuuamsha ugonjwa huo. Ni kama askari walioitwa kumfukuza mwizi: mwizi ameshakimbia, nao wamebaki wanawapiga wenye nyumba. Ndiyo maana mara nyingi maji ya uti wa mgongo yakipimwa wakati huo, virusi havionekani tena.

Wala si jambo la mtu mmoja katika elfu. Katika utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 2018, wagonjwa 51 wa hepesi ya ubongo walifuatiliwa, na 14 kati yao, zaidi ya robo, walipata ugonjwa wa pili wa kinga ya mwili kuushambulia ubongo. Kwa kawaida huanza ndani ya miezi 2, na watoto wa miaka 4 kushuka chini ndio waliobaki na madhara makubwa zaidi.

Askari hawa hawatulizwi kwa dawa ya virusi peke yake. Madaktari hutumia steroidi, kingamwili za watu wenye afya zinazotiwa kwa dripu, kuisafisha damu, na pengine dawa ya rituksimabu. Wapo wanaopata nafuu kubwa, na wapo wanaobakiwa na kifafa au uzito wa kujifunza. Kuchelewa hakumsaidii yeyote kati yao.

Atauliza mtu: je, mnakanusha majini? La. Sisi tunaamini kuwa wapo. Lakini kuamini kuwa majini wapo hakutupi ruhusa ya kumhukumu kila mtoto anayepayuka kuwa anaye. Msomeeni mtoto Qur'ani, na someni hapo hapo kitandani hospitali. Tunachokipinga ni kumzungusha kwa waganga kwa mwezi mzima, kumfukiza, kumfunga kamba au kumpiga ili jini litoke. Huko ni kumdhulumu mgonjwa, na kutawakali hakukuamrisha tuache sababu.

Basi wazazi, mtoto akitoka hospitali kwa maradhi haya, mwangalieni kwa makini kwa miezi 3. Mkiona mabadiliko, andikeni tarehe, mrekodini kwa simu, chukueni karatasi ya hospitali, na mrudi siku hiyo hiyo. Mwambieni daktari kwa maneno haya: alikuwa na virusi vya ubongo, akapona, sasa amebadilika, je, inaweza kuwa ni kinga ya mwili? Akipimwa malaria ni sawa, kwani malaria nayo hupanda kichwani, lakini jibu likiwa hana, msikubali kurudishwa nyumbani bila ya maelezo. Na daktari akiomba kutoa maji ya uti wa mgongo, msikimbie. Wengi wetu tunakiogopa kipimo hicho, lakini ndicho kinachotenganisha virusi na kinga.

Na kwa ndugu zetu madaktari na wauguzi, tunaomba mzazi asiruhusiwe kuondoka bila ya kuambiwa kwamba duru ya pili inaweza kuja. Maneno ya dakika 5 mlangoni yanaweza kumwokoa mtoto.

Allah awaponye watoto wetu na awape subira wazazi wao. Amin.